Kuku wa Uani na Historia Yake

Vitabu vya historia husimulia habari za wafalme, vita na mikataba. Ng'ombe naye hupata nafasi, kwa kuwa alitolewa mahari na kuporwa vitani. Kuku hatajwi. Walakini huku Magwagwa, katika vilima vya Nyamira palipo na michai na mahindi, ni shida kuona boma asimowika jogoo alfajiri. Insha hii yataka kumpa ndege huyu haki yake.

Kuku si mwenyeji wa asili wa Afrika. Wahenga wake ni kuku-mwitu wekundu wa misitu ya Asia ya kusini mashariki, na huko ndiko alikofugwa kwanza. Njia mojawapo iliyomleta kwetu ni Bahari ya Hindi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota mifupa yake Unguja Ukuu, mji wa biashara uliostawi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Lugha nazo ni shahidi. Waswahili husema kuku, Wakikuyu nguku, na Abagusii engoko. Kuenea kwa neno hili kwadokeza kwamba ndege huyu alikaribishwa majumbani zamani, kitambo kirefu kabla ya kalamu kuandika habari za bara.

Mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumjeruhi kwa mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza, majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Abagusii na kuwanyang'anya maelfu ya ng'ombe. Baadaye kodi ya nyumba iliwabana watu. Ng'ombe walikuwa mali ya wanaume, tena mali iliyoonekana toka mbali. Kuku alikuwa mali ndogo, asiyetaka mchungaji, na aghalabu alikuwa mikononi mwa mama. Ajabu ni kwamba katika jamii kadhaa za magharibi ya Kenya wanawake walikatazwa kula nyama yake. Aliyelea hakula.

Kulea kwenyewe ni elimu. Mama yangu alitandika nyasi kavu katika kikapu kikuukuu, akakiweka pembeni mwa jiko palipo na kiza, na kila yai alilitia alama ya mkaa ili yai jipya lisichanganyike na ya zamani. Koo akaatamia siku 21. Aliondoka kitambo kidogo tu kutafuta chakula, akarudi upesi, na mayai akayageuza kwa mdomo ili mimba isigande upande mmoja wa ganda. Wamisri wa kale walijenga matanuri ya kutotolesha mayai, na leo ziko mashine za umeme zenye joto la karibu nyuzi 37.5. Hata hivyo, mashine hizo zote ni wanafunzi wa koo.

Kifaranga huzaliwa na akiba. Kabla ya kutoka, hukiingiza tumboni kiini kilichosalia, nacho humtosha kwa siku mbili hivi. Kwa sababu hiyo vifaranga wa siku moja huweza kusafirishwa mbali wakafika hai. Baada ya hapo hutaka joto, nyuzi 32 hadi 35 katika juma la kwanza, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Asiye na kipimo na awatazame wenyewe: wakisongamana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni joto limezidi, wakitawanyika kwa utulivu wameridhika.

Lakini adui mkubwa si baridi wala mwewe, bali kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa Java mwaka 1926, na mwaka 1927 ukatambuliwa Newcastle, Uingereza. Kenya ulitangazwa mwaka 1935. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi kabla ya mwaka 2003, serikali ilipoondoa karo. Karo yangu ilikuwa kuku wa mama. Kwa juma moja walipinda shingo, wakatoa kinyesi cha kijani, wakafa wote isipokuwa mtetea mmoja. Nilirudishwa nyumbani. Mama hakulia mbele yangu. Alifagia uwanja, akawachoma mizoga, akaanza kuyakusanya mayai ya yule mmoja. Sikurudi darasani mpaka uzao wake ulipokuwa na umri wa kuuzwa.

Wakati ule dawa ya kinga ilikuwapo, ila nyingi zilitaka barafu, na vijiji havikuwa na barafu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Australia walitengeneza kinga iitwayo I-2, iliyoweza kustahimili joto zaidi, na tone moja machoni latosha kwa kuku mmoja. Kinga haimponyi aliyekwisha kuugua. Yapasa itolewe kabla, na kurudiwa kila baada ya miezi michache. Laiti mama angalikuwa na matone yale, nisingalipoteza miezi ile ya masomo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu tulisomeshwa na haba hiyo, wala majina ya waliotulipia hayamo vitabuni. Basi, msomaji, ukirudi nyumbani likizo, mwulize nyanya yako aliuza nini mwaka ule baba yako alipoingia shule. Andika jibu lake, maana hiyo nayo ni historia.