Omugo: Ardhi ya ukoo isiyo na kabaila

Katika Ulaya ya Zama za Kati, ardhi ndiyo iliyoamua mtu ni nani. Mfalme aliwagawia makabaila maeneo makubwa kwa sharti la kumpigania vitani, nao wakulima waliofungwa kwenye ardhi hiyo walilima shamba la bwana pamoja na vipande vyao wenyewe. Uganda ina historia inayokaribiana na hiyo, ila si kila upande wa nchi. Omugo, eneo la Walugbara katika wilaya ya Terego iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2020, halikuwahi kuwa na kabaila.

Ukabaila wa Uganda ulishika mizizi Buganda. Mkataba wa Machi 1900 kati ya Uingereza na ufalme huo uliwatengea machifu na watu mashuhuri wapatao 1,000 maili za mraba 8,000, na kutokana na neno maili milki hizo zikaitwa mailo. Wakulima wa kawaida, bakopi, wakajikuta wapangaji mahali walipozaliwa. Walidaiwa busuulu, kodi ya kiwanja, na envujjo, sehemu ya mazao, hadi sheria ya mwaka 1928 ilipoyawekea malipo hayo kikomo na kumzuia mwenye ardhi kuwafukuza ovyo. Hata hivyo mkopi hakuwa mtwana wa Ulaya: aliweza kumhama bwana mmoja na kwenda kwa mwingine.

Walugbara hawakuwa na mfalme. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na mzee aligawa mashamba na kuamua ugomvi wa mipaka bila kuwatoza ndugu zake kodi ya ardhi. Utawala wa Kiingereza ulipofika Arua mwaka 1914, uliweka machifu wa kukusanya kodi ya serikali. Machifu hao walipata madaraka, si milki. Lakini kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kusini. Wanaume wa West Nile wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya Buganda na ya miwa. Aliyekuwa na haki ya ardhi nyumbani akawa kibarua kwa mwenye mailo.

Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin, mwenye asili ya Kakwa wa Koboko, ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Mailo ikageuzwa ukodishaji, na wenye ardhi ya mila wakabaki kwa hisani ya serikali. Katiba ya mwaka 1995 ilirudisha ardhi kwa raia na kuitambua milki ya kimila sambamba na mailo.

Suala hilo liligeuka kuwa la kila siku mwaka 2017, Omugo ilipofunguliwa kama sehemu ya makazi ya Rhino Camp kwa wakimbizi wa Sudan Kusini, kwenye ardhi iliyotolewa na koo za wenyeji. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kujenga na kulima kidogo, bila kukimiliki. Anayehitaji shamba kubwa zaidi hulazimika kuelewana na mwenyeji, kwa fedha au kwa sehemu ya mavuno. Upangaji umefika, ingawa mwenye shamba naye ni mkulima wa jembe la mkono.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaruhusu hati ya umiliki wa kimila, na inabatilisha uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke ardhi. Kinachobishaniwa ni jina litakaloandikwa kwenye hati hiyo: la mzee, la ukoo mzima, au la mjane anayelilima shamba lenyewe.