Bei ya Ramani ya Mwisho

Huenda ukastaajabu, ewe msomaji, kuambiwa kwamba michezo ya kompyuta ina historia inayostahili kusomwa pamoja na historia ya masoko. Lakini ndivyo ilivyo. Mwaka 1988 walimu wa Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, walifungua soko lisilouza nafaka wala ng'ombe. Kilichouzwa humo ni hati juu ya wagombea urais, na thamani ya kila hati ilitegemea kura ambazo zingepatikana. Baadaye ikazoeleka hati iliyo nyepesi zaidi kueleweka: jambo likitokea, mwenye hati hulipwa dola moja, lisipotokea, hapati kitu. Basi hati ikinunuliwa kwa senti 60, ni kana kwamba wanunuzi wamesema kuwa jambo hilo lina nafasi 60 katika 100. Hilo ndilo soko la utabiri, na siku hizi hata mashindano ya Counter-Strike yamo ndani yake. (Jina hilo la heshima lisikupumbaze: kwa wengi wanaonunua, ni kamari tu.)

Katika mchezo huo timu mbili za watu watano watano hupambana ndani ya uwanja wa kubuni uitwao ramani, na aghalabu timu ipatayo ramani mbili kati ya tatu hushinda. Kila upande ukiwa na moja, ya tatu ndiyo huamua, na hapo bei huyumba kama mashua wakati wa kusi.

Tazama fainali ya Boston ya tarehe 28 Januari 2018. FaZe ilishinda ramani ya kwanza, Cloud9 ya pili, zikaingia katika ya tatu, Inferno. Wakati ule ramani ilitwaliwa na timu iliyotangulia kufikisha duru 16, na FaZe ikafika 15 kwa 11. Sasa chukua kalamu. Ikiwa kila duru ni sawa na kurusha sarafu, Cloud9 kushinda nne mfululizo ni nafasi moja katika 16, na hapo ingepata sare tu. Kuitwaa ramani yenyewe, moja katika 32. Hati yake ingestahili senti tatu hivi. Walakini Cloud9 ilizipata duru zote nne, ikachezeshwa muda wa nyongeza mara mbili, ikashinda 22 kwa 19. Je, mwenye kuuza kwa senti tatu angekuwa amekosea? La, hasha! Jambo la nafasi tatu katika mia si jambo lisilowezekana.

Hatari yenyewe iko mahali pengine. Hesabu ile hudai kwamba asiwepo mtu alijuaye jibu kabla ya mchezo. Mwezi wa Agosti 2014 timu ya iBUYPOWER, iliyotarajiwa sana kushinda, ilifungwa na NetcodeGuides 16 kwa 4 katika ramani iitwayo Season. Wachezaji kamari walikuwa wameweka dau la mapambo ya silaha za mchezo, yaliyouzika kwa fedha halisi. Januari 2015 kampuni ya Valve, yenye mchezo huo, ilitangaza kwamba mechi ile ilipangwa, ikawafungia wachezaji wanne wa iBUYPOWER. Wa tano, aliyejulikana kwa jina la Skadoodle, hakufungiwa. Miaka mitatu baadaye, kule Boston, alikuwa mmoja wa wale watano wa Cloud9.