Bakama wa Buhaya na Urithi wa Cheo

Nchi ya Buhaya, upande wa Bukoba na Muleba, ilikuwa na falme kadhaa, kila moja na Mukama wake, yaani mfalme (wingi: Bakama). Cheo hicho kilirithiwa ndani ya ukoo. Bahinda, wazao wa Ruhinda, walitawala Ihangiro, Kianja na Maruku. Kiziba walitawala Babito, ambao asili yao ni Bunyoro. Ukoo wa Bankango uliwapokonya Bahinda sehemu ya ufalme wa Kyamutwara.

Mukama mpya alikabidhiwa ngoma za ufalme. Uwezo wake, hata hivyo, ulionekana mashambani. Aliwagawia ndugu na watu wake wa karibu nyarubanja, yaani vibanja vya migomba pamoja na wakulima waliokuwa humo, ambao tangu hapo walimtumikia bwana mpya. Mzigo huo uliwaelemea watu wengi kwa vizazi, na haufai kusahaulika tunaposifu fahari ya ikulu.

Ukoloni ulipoingia, Wajerumani walijenga kituo Bukoba mwaka 1890. Mukama Kahigi wa Kianja alishirikiana nao, akapanua mamlaka yake.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu, wakiwemo Bakama. Sheria ya 1965 ikaanza kuwapa wakulima wa nyarubanja haki ya ardhi waliyoilima.