Sungusungu wa Wakurya

Sungusungu wa Wakurya ni jeshi la jadi la ulinzi katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ikiwemo Matongo, kata iliyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mfumo huu ulianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, kisha ukaenea hadi Mara. Nyerere aliuunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuutambua.

Kwa Wakurya haukuanzia patupu. Tayari walikuwa na iritongo, mkutano wa hadhara wa ukoo, ambamo watuhumiwa hutajwa kwa majina mbele ya watu wote. Anayekutwa na hatia hulipa faini, mara nyingi ya mifugo, au huchapwa viboko. Hapo ndipo penye utata: ulinzi uliopunguza wizi umelaumiwa pia kwa kutesa watu.

Historia yake haipatikani kwa wingi kwenye majalada. Kesi ziliamuliwa kwa mdomo, na kumbukumbu zimebaki vichwani mwa wazee. Maandishi ya kina yametoka kwa wanaanthropolojia wageni: Michael Fleisher, aliyechapisha mwaka 2000 kitabu kuhusu wizi wa mifugo kwa Wakurya wa Tanzania, na Suzette Heald, aliyeandika zaidi juu ya Wakurya wa upande wa Kenya. Simulizi za walinzi wenyewe, kwa Kikurya, zinastahili kurekodiwa kwanza.