KARATASI ILIYOPEWA JINA SILO



Ndugu yangu katika imani, leo nakuomba dakika chache. Nataka tufungue makaratasi ya familia moja ya kusini mwa Marekani, ukoo wa Owen wa North Carolina, karne ya 19. Hawakuwa watu wadogo. John Owen alikuwa gavana wa jimbo kuanzia 1828 hadi 1830, na nduguye James aliwahi kuwa mbunge. Lakini leo wengi tunawajua kwa sababu ya mtumwa wao: Omar ibn Said.

Omar alizaliwa yapata 1770 huko Futa Toro, Senegal ya leo. Kwa maneno yake mwenyewe, alitafuta elimu miaka 25. Mwaka 1807 akatekwa, akavushwa bahari, akauzwa Charleston. Akaangukia mikononi mwa bwana katili, akatoroka. Mwaka 1810 akakamatwa Fayetteville na kutiwa jela. Humo ndani akaandika Kiarabu ukutani. Watu wakaja kushangaa: kumbe mtumwa anajua kuandika! Ndipo akaingia kwa akina Owen.

Mwaka 1819 aliandika waraka wenye aya za Qur'ani ndani yake, na ombi la kurudi kwao. Hakurudishwa. Mwaka 1831 akaandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, na kabla ya kujitaja akatanguliza Suratul Mulk. Tafakari hapo, ndugu yangu. Mtu anayemilikiwa na mtu anaanza na sura inayosema kuwa ufalme wote ni wa Allah!

Sasa sikiliza hili. Omar alibatizwa, na watu wakamtangaza kuwa Mkristo mwema. Mwaka 1857, akiwa mzee sana, aliandika kikaratasi kwa Kiarabu. Nyuma yake mtu akaandika kwa Kiingereza kuwa hiyo ni Sala ya Bwana, ile ya Wakristo, na kwamba mwandishi ni Mkristo mcha Mungu. Kikahifadhiwa kwa jina hilo. Alipokuja msomaji wa Kiarabu, akakuta nini? Suratun Nasr!

Je, moyoni Omar alikuwa nani? Hilo tumwachie Allah, Mjuzi wa yaliyomo vifuani. Mimi na wewe hatukupewa kazi ya kupasua moyo wa mtu, sembuse wa mtu aliyeishi chini ya minyororo. Alifariki wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, bado akiwa mtumwa.

Lakini somo letu liko wazi. Wenye mali walikuwa na karatasi mkononi, wakaipa jina wasilolijua. Hawakusema uongo kwa lazima. Hawakujua kusoma, na hawakuuliza. Suratul Hujurat inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuibeba. Mara ngapi wewe na mimi tumembandika Muislamu mwenzetu jina kwa kumtazama tu?

Na jambo la pili. Omar alinyang'anywa nchi, jamaa na uhuru. Kilichobaki ni kile alichohifadhi kifuani. Mwanao leo ana simu, ana sare, ana viatu. Kifuani ana sura ngapi? Usiku wa leo, kabla hajalala, mkalishe umsomeshe Suratun Nasr. Ni aya 3 tu.

Allah amrehemu kila aliyedhulumiwa, na atujaalie elimu yenye manufaa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.