Dadu imetoa 20, mbona umeshindwa? Mambo ya kukubaliana kabla ya kucheza Dungeons & Dragons

Mchezaji anarusha dadu yenye pande 20. Inatua kwenye 20, namba kubwa kuliko zote. Anaruka kwa furaha: mlango wa chuma lazima uvunjike! Mwongoza mchezo anatikisa kichwa. Haujavunjika. Hapo ugomvi unaanza, na kundi lililocheza pamoja miezi kadhaa linaweza kusambaratika kwa sababu ya mlango mmoja.

Mara nyingi tatizo si dadu. Watu wamekaa meza moja, lakini kila mmoja ana kanuni zake kichwani.

Ni mchezo gani huu?

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaanza kuuzwa mwaka 1974. Kila mchezaji ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi na kadhalika. Mtu mmoja, mwongoza mchezo, anasimulia dunia yao na kuamua matokeo kwa kutumia kanuni na dadu.

Vitabu vya mchezo vinamruhusu mwongoza mchezo kubadilisha kanuni. Ndiyo maana makundi mengi yana kanuni zao wenyewe. Ni kama drafti: ukihamia kijiwe kipya, unauliza kwanza hapa wanachezaje.

Kanuni 3 zinazoleta mzozo

1. Namba 20. Kitabuni, ukishambulia na kupata 20, umepiga moja kwa moja. Lakini kwenye kuvunja mlango au kumshawishi mtu, 20 haina uhakika huo. Kama ugumu wa mlango ni 30 na mhusika anaongeza 3 za nguvu zake, jumla ni 23. Umeshindwa. Makundi mengi yameamua 20 ifanikishe kila kitu, na mchezaji aliyezoea huko hudhani ndiyo kanuni ya kitabu.

2. Dawa ya kuponya. Kwa kanuni za 2014, kunywa dawa katikati ya vita kulikula kitendo kikuu cha zamu yako. Wengi waliona hiyo ni adhabu, wakaruhusu inywewe kwa kitendo kidogo cha ziada ili mtu aweze pia kupigana. Kanuni mpya za 2024 zikaja na utaratibu huohuo. Kumbe kanuni ya mezani inaweza kuwa rasmi!

3. Kifo cha mhusika. Mhusika akiishiwa pointi za uhai, hurusha dadu kila zamu. Akipata 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo amefeli. Akifeli mara 3 kabla ya kufaulu mara 3, anakufa. Kuna makundi yanayolegeza kanuni hii, na mengine yanaikaza. Kwa mtu aliyemlea mhusika wake mwaka mzima, hilo si jambo dogo.

Matarajio nayo yasemwe

Kanuni peke yake hazitoshi. Mmoja amekuja kupigana na mazimwi, mwingine anataka mazungumzo na mafumbo, mwingine amekuja kucheka na marafiki. Wote wako sawa, ila wasipoambiana, kila mmoja ataona wenzake wanamharibia mchezo.

Dawa yake ni kikao sifuri, yaani mkutano wa kabla ya mchezo wenyewe. Ulizaneni haya:

- Tunatumia kanuni za mwaka gani, na tumebadilisha zipi?
- Mhusika anaweza kufa? Akifa, mwenyewe anarudi vipi mezani?
- Tunacheza siku gani, na asiyefika tunafanyaje?
- Mambo gani hatutaki yaingie kwenye hadithi?

Kwa swali la mwisho, baadhi ya makundi hutumia Kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Mtu akiigusa, jambo linalomkera linarukwa bila yeye kudaiwa maelezo.

Kanuni ikihitaji kubadilika katikati

Usiibadilishe kimyakimya wakati dadu iko hewani. Malizeni kikao kwa kanuni ya zamani, zungumzeni, kisha ianze kikao kijacho kwa wote. Na kama mhusika amekufa kwa kanuni ambayo mwenyewe hakuwahi kuambiwa, si aibu kurudi nyuma na kulicheza tena tukio hilo.

Na ule mlango wa chuma? Mwongoza mchezo aliyejua hauwezi kuvunjika hakupaswa kuruhusu dadu irushwe. Angesema tu: "Huu hauvunjwi kwa nguvu, tafuteni njia nyingine." Mchezaji angekosa mlango, lakini asingejiona amedhulumiwa.