Televisheni ya Dijitali na Mji Ulio Mbali na Mnara

Historia ya chombo kipya aghalabu huandikwa na mji mkubwa. Siku chombo hicho kilipowashwa Dar es Salaam huitwa siku kilipofika nchini, na siku kilipozimwa huko huhesabiwa kuwa siku ya mwisho wake. Ndivyo inavyosimuliwa habari ya televisheni ya analojia katika Tanzania Bara: ilianza kuondoka usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo yake ilipozimwa Dar es Salaam. Tarehe hiyo ni ya kweli, wala sina nia ya kuipinga. Lakini kwa mji kama Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002, tarehe hiyo haielezi jambo kubwa. Insha hii inakusudia kuitazama safari ile ile kwa upande wa mji ulio mbali na mnara, kwa sababu huko ndiko kunakodhihirika kilichobadilika na kilichobaki.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maana ya maneno. Katika utangazaji wa analojia, mwanga wa picha na mtikisiko wa sauti hugeuzwa kuwa mawimbi yanayopanda na kushuka kwa kadiri ya mwanga na sauti yenyewe. Katika utangazaji wa dijitali, picha na sauti huandikwa kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Kisha tarakimu hizo hubanwa kwa kuacha yale ambayo jicho halitayakosa, ndipo husafirishwa hewani. Faida yake si haba. Chaneli moja ya analojia katika masafa ya juu hukalia upana wa megahezi 8 peke yake. Upana uo huo, ukitumiwa kidijitali, huweza kubeba chaneli kumi na zaidi. Masafa yanayookolewa kwa njia hiyo hupewa kazi nyingine, na hasa simu za mkononi na intaneti.

Kwa sababu hiyo mataifa ya Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia yalikutana Geneva mwaka 2006 chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yakapatana kuwa baada ya tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya analojia, kwa sehemu kubwa ya masafa yake, yasipate tena ulinzi dhidi ya kuingiliwa na matangazo ya jirani. Nchi za Afrika Mashariki zikajiwekea muda mfupi zaidi, yaani mwisho wa mwaka 2012. Basi agizo halikutoka kwa watazamaji wa Babati, wala wa Dar es Salaam. Lilitokana na haja ya kugawana hewa, ambayo ni mali ya wote lakini ina mipaka yake.

Sasa tuitazame Babati yenyewe. Mji huu umekaa chini ya Mlima Kwaraa, karibu na Ziwa Babati, katika njia kuu iendayo kutoka Arusha hadi Dodoma. Kutoka Arusha ni mwendo wa kilomita zipatazo 170, na katikati pana vilima na magenge ya Bonde la Ufa. Redio haikuona shida kuvuka nchi ya namna hiyo, kwa kuwa mawimbi ya masafa mafupi hupanda juu, yakagonga tabaka za anga, yakarudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Ndiyo sababu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyotegemea redio na vikundi vya kusikiliza, iliweza kukusanya watu wazima wapatao milioni mbili kutoka pande zote za Bara. Mwaka huo huo wa 1973 Zanzibar ilianza televisheni yake. Bara ilingoja hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo.

Mawimbi ya televisheni hayana tabia ya redio ya masafa mafupi. Husafiri karibu kama mwanga: mlima ukisimama mbele yake, nyuma ya mlima ni kivuli. Mtu aliye karibu na mnara huona picha safi; aliye mbali kidogo huona picha iliyochanganyika na vitone vyeupe, ambavyo Waswahili waliviita chenga, kwa mfano wa punje za mchele zilizovunjika. Jina hilo lilistahili. Mwenye kupikiwa chenga hakulala njaa. Alikula chakula hafifu, lakini alikula. Analojia ilikuwa na rehema hiyo: ilipungua kwa daraja. Mtazamaji alizungusha antena, akainyanyua juu ya mti mrefu, akaridhika kusikia sauti na kukisia nyuso. Dijitali haina daraja. Mawimbi yakitosha, picha ni kamili. Yakipungua chini ya kiasi, picha hukatika vipande, kisha kioo huwa cheusi. Aliyekuwa ukingoni hapati tena nusu yake.

Lakini miji iliyo nyuma ya milima haikungoja mnara. Katika miaka ya 2000 miji mingi ya bara ilipata televisheni kwa njia ya dishi. Setilaiti ya matangazo hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita zipatazo 36,000, na aliye chini yake haulizwi kama amekaa bondeni au kileleni. Na matangazo ya setilaiti ya miaka hiyo yalikuwa yamekwisha kuwa ya dijitali. Hapa pana jambo ambalo mwanahistoria asilipite upesi: katika miji ya namna hii, dijitali iliitangulia sheria ya dijitali. Ilikuja juu ya mapaa ya bati, kwa mkono wa fundi wa madishi, na wengi waliishiriki katika vibanda vya kutazamia mpira, vile viitwavyo vibanda umiza, kwa kiingilio kidogo. Haikuitwa kuhama, kwa sababu hapakuwa na kitu kikubwa cha kuhama kutoka kwacho.

Wakati huo huo, katika miji yenye minara mikubwa mambo yalikwenda kwa amri na ratiba. Baada ya Dar es Salaam, miezi ya mwanzo ya 2013 ilizimiwa mitambo Dodoma na Tanga, kisha Mwanza, kisha Arusha na Moshi, kisha Mbeya. Babati haimo katika orodha hiyo ya kwanza. Wenye vituo walilalamika kuwa wamepoteza watazamaji, na kwa hiyo matangazo ya biashara. Wananchi walilalamikia gharama ya king'amuzi. Neno hilo zuri limetokana na kung'amua, yaani kutambua lililofichika. Lakini kisichofichwa hakihitaji kung'amuliwa. Na hapo ndipo mabadiliko yenyewe yalipokuwa.

Zamani mwenye kituo alikuwa mwenye mnara: alitengeneza kipindi, akakirusha, na kila mwenye antena akakipokea bila kumwomba mtu. Katika utaratibu mpya kazi hizo zilitenganishwa. Kituo hutengeneza maudhui. Kampuni nyingine, yenye leseni ya kurusha mawimbi, huyakusanya maudhui ya vituo vingi katika mfereji mmoja na kuyapeleka kwenye ving'amuzi. Kwa Bara, leseni hizo za minara ya nchi kavu zilipewa makampuni matatu. Katikati ya msemaji na msikilizaji akaingia mtu wa tatu, naye ndiye mwenye ufunguo. Ili mtu huyo asiwafungie wananchi nje, iliamriwa kuwa chaneli tano za kitaifa, TBC1, ITV, Channel Ten, EATV na Star TV, zionekane bure katika ving'amuzi vya minara hiyo hata malipo ya mwezi yakiisha.

Kwamba ufunguo ndio uliogombewa, Kenya ilitupa ushahidi. Mwezi wa Februari 2015 vituo vikubwa vya binafsi vya nchi hiyo, vilivyodai haki ya kurusha mawimbi yao wenyewe, vilizimiwa mitambo ya analojia, na vioo vyao vikawa vyeusi kwa karibu wiki tatu. Tanzania nayo ilipata somo lake mwezi wa Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano iliposhikilia kuwa leseni za makampuni ya kulipia yanayorusha kwa setilaiti haziyaruhusu kubeba chaneli za bure, nazo zikaondolewa katika ving'amuzi hivyo. Aliyeishi karibu na mnara aliweza kununua king'amuzi cha aina nyingine, akaendelea kutazama habari za nchi yake. Aliyeishi kusikofikiwa na mnara, akitegemea dishi, alibaki na chaneli alizozilipia na akakosa zile ambazo sheria ilizikusudia ziwe za bure. Sheria iliandikwa kwa mfano wa mtu wa mjini. Aliyeilipa ni mtu wa nyuma ya mlima.

Je, tuseme basi kuwa ingekuwa heri analojia ibaki? Hasha. Analojia haikuwa na ahadi yoyote kwa nchi ya milima, na mnara wa Arusha usingeifikia Babati hata ungeachwa ukiwaka miaka mia. Dijitali imeleta picha safi na chaneli nyingi mahali palipokuwa na chenga au pasipokuwa na kitu. Ninalolisema ni kwamba kipimo tulichotumia si kipimo chake. Tulihesabu mitambo iliyozimwa, ilhali ilitupasa kuhesabu watu wanaopokea, kwa njia gani, na kwa ruhusa ya nani.

Lugha nayo imetuponza. Siku hizi mtu akiambiwa yu wa analojia, ametukanwa kuwa amepitwa na wakati. Na akiitwa wa dijitali, amesifiwa. Matumizi hayo yanatufanya tudhani kuwa dunia ilivuka mto usiku mmoja, waliowahi wakiwa ng'ambo na waliochelewa wakibaki ukingoni. Habari ya miji kama Babati inatuonyesha vingine: aliyehesabiwa kuwa wa mwisho katika ratiba huenda aliwahi kufika kwa njia nyingine, na bado akawa wa kwanza kudhurika ufunguo ulipogeuzwa.

Kwa mwanafunzi wa historia kazi iko wazi. Nyaraka za wizara na za Mamlaka zitampa tarehe, asiziache. Lakini awaendee pia mafundi waliofunga madishi, wenye vibanda, na wazee waliozungusha antena wakitafuta sauti katikati ya chenga, awaulize ni mwaka gani kioo chao kiliwaka, na ni mwaka gani kilizimwa na mtu wasiyemjua. Majibu yao hayatalingana na ratiba ya Dar es Salaam, na tofauti hiyo ndiyo historia ambayo bado haijaandikwa.